Sakafu ya Mkulo

Jumatatu, 3 Juni

Nimedeki ukumbi kwa mara ya mwisho kabla hawajang'oa sakafu. Kutoka dirishani, kinyumenyume, kwa magoti, ubao kwa ubao, mpaka kwenye kabati, halafu natokea mlangoni. Kama kila siku. Miaka ishirini na tisa.

Baridi kali. Ukungu umekaa barazani mpaka saa tano. Maji yameniuma vidole. Lakini mbao zikilowa zinatoa ile harufu ya mti wa mkulo, kama dawa ya kifua, na mimi hapo husahau baridi. Mjerumani aliyejenga nyumba hii sijui alikuwa mtu wa namna gani, ila mafundi wake walikuwa mafundi. Kila ubao una upana wake, na zimeshikana sindano haipiti.

Bi Rukia alipoinunua, Lushoto nzima ilisema huyu wa Tanga atabomoa ajenge ghorofa. Hakubomoa. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akapapasa bawaba, akasema asiuguse mtu mlango huu kwa msumeno. Nikampenda hapohapo. Sasa inakuwa hoteli. Vyumba tisa.

Hajaniambia kama nitabaki. Sijauliza. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Fundi Hoza wa Shume ameanza kung'oa. Boriti za chini zimeoza upande wa kaskazini, hilo halina ubishi, mguu ulikuwa unabonyea. Zitawekwa mpya. Lakini amri ya Bi Rukia ni moja: mbao za juu zote zirudi, kila moja palepale ilipokuwa, na hataki kuona kovu hata moja juu yake. Hakuna kuchora kwa patasi. Hakuna rangi.

Kumtazama Hoza akifanya kazi ni raha. Mtaimbo mdogo, kitambaa chini yake, anainua taratibu kama anamwamsha mgonjwa. Misumari anaitia kwenye kikombe. Kila ubao ukitoka anaugeuza, anauandika kitu mgongoni, unapelekwa kwenye banda la farasi la zamani huko nyuma. Mbao tisini na nne.

Kabati lile linalokula ukuta mzima limetolewa na watu wanane. Tangu nianze kazi hapa sijaliona likisogea hata kidole.

Kaka yake Bi Rukia, Mansuri, kaleta maboksi ya vigae. Yako barazani chini ya turubai. Yeye toka mwanzo anasema mbao ni za kizee, mteja anataka kinachong'aa. Wageni wa kwanza ni Jumamosi tarehe 29. Anasema mbao zikichelewa, ukumbi unapigwa vigae, kwisha. Bi Rukia akainua pembe ya turubai, akavitazama. Sikupenda alivyovitazama.

Ijumaa, 7 Juni

Bafu za juu zimekamilika. Nilidhani wataharibu. Wapi! Pale palipokuwa na vijichumba vya nguo ndipo wameingiza bafu, kuta hazikuguswa. Nyaya za umeme zimepita nyuma ya mbao za pembeni, huzioni. Paneli za umeme wa jua ziko paa la nyuma, ukiwa barabarani unaona nyumba ileile ya siku zote. Nimefungua bomba, maji ya moto yakatoka. Nikafunga. Nikafungua tena. Mtu mzima mimi.

Jumatatu wanakuja watu kutoka Dar es Salaam, wale watakaoleta makundi ya wageni. Bi Rukia atawaonyesha kila kitu, hadi mbao kule bandani, wajue ni zilezile. Nimekwenda kuziona. Jamani. Migongo myeusi. Utando wa buibui, mavi ya panya, vumbi la toka enzi ya Mjerumani. Ndicho watu wa Dar watakachokiona. Watasema nyumba hii haina mtu wa usafi.

Mimi na uchafu hatupikiki chungu kimoja.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeziosha. Zote tisini na nne, mbele na nyuma. Brashi, sabuni ya mche, ndoo sijui ngapi. Fundi Hoza kaenda kwao Shume kupumzika, hapakuwa na mtu wa kuniingilia. Mzee Singano, mlinzi wetu, ndiye mwenye ufunguo wa banda. Nilimwomba, akanifungulia, akarudi getini kwake.

Zilikuwa na namba za chaki mgongoni. Zimetoka na uchafu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alifanya kazi kiwanda cha mbao kule Shume miaka mingi, na namba za mbao nazijua: ni za vipimo. Ubao ukishapimwa namba haina kazi tena.

Nimezipanga upya, wima, zipate hewa. Banda linanukia mkulo. Wakija wasemeje!

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Magoti yanauma, kusimama kuimba kazi. Nimesinzia kwenye mahubiri, jirani akanibonyeza. Sikujali. Nina furaha.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya.

Wageni walikuja, wakasifu, wakashika mbao, mmoja akanusa. Bi Rukia alikuwa anatabasamu. Wakaondoka saa sita.

Halafu Fundi Hoza akaingia bandani. Nikasikia anaita, "Namba zangu! Namba zangu ziko wapi?" Sauti sijapata kuisikia kwa mtu yule mpole. Tukakimbia wote. Alikuwa anageuza ubao mmoja baada ya mwingine, anautupa pembeni. Akasema zile ndizo zilizokuwa zinamwambia ubao upi unafuata upi. Bila namba ni tisini na nne za kubahatisha. Akipewa miezi miwili atazipata. Hana miezi miwili, ana wiki mbili na siku kadhaa.



Bi Rukia akauliza nani kaziosha. Polepole, bila kupaza sauti. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mzee Singano akavua kofia.

"Ni mimi, mama. Niliona wageni wanakuja."

Nami nikanyamaza. Naandika hapa ili nisijidanganye: nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika ndoo.

Bi Rukia kamwambia Mzee Singano amalize mwezi, kisha akapumzike kwake. Mzee wa miaka sabini na kitu. Hoza alitazama mikono yangu, ilivyochunika kwa sabuni.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi getini shikamoo imenikwama kooni. Miaka yote naisema hata sifikirii. Leo ilibidi niivute. Yeye akaitikia vilevile, "Marahaba, mwanangu," akanifungulia geti, akaniuliza nyumbani hawajambo.

Ningependa anitukane.

Hoza ameshinda kwenye boriti mpya anajaribu. Ubao na ubao, ulimi wa mmoja kwenye mfereji wa mwingine. Zote zinaingiana kidogo, hakuna inayokaa sawasawa. Mpaka jioni alikuwa na kumi na moja, na mbili kati ya hizo akazitoa tena.

Mansuri kafungua boksi. Kalaza kigae kimoja juu ya boriti katikati ya ukumbi, tuone. Kinang'aa kama meno ya bandia. Nimekichukia kwa moyo wote.

Kosa langu hilo. Nyumba imekaa na Mjerumani, Mwingereza, serikali, miaka ya kutelekezwa kabla sijaja, popo, mvua. Haikufa. Nije kuiua mimi na sabuni ya mche.

Jumatano, 12 Juni

Nimesema.

Sikupanga maneno. Niliingia ofisini, Bi Rukia alikuwa anakunywa chai, nikasema ni mimi niliyeziosha mbao, Mzee Singano alifungua mlango tu. Nikasema na lile la namba, nilivyodhani ni vipimo. Nikasema pia kwamba Jumatatu nilinyamaza kwa kuogopa kazi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulitoa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliweka kikombe. Kisha, "Nenda nyumbani, Mama Zefania. Nitakuita."

Huwa anapenda kuniita dada. Leo Mama Zefania.

Nilipotoka nikamwona anatembea kwenda getini mwenyewe, anamshika Mzee Singano mikono yote miwili. Hilo limenipa nafuu kidogo.

Mzee aliniambia, nikiwa napita na kikapu changu: "Ungefika kesho hujasema, ningekufukuza hapa kwa fimbo." Nikacheka huku nalia. Nikamuuliza kwa nini alibeba kosa langu. Akasema yeye ana shamba na watoto wa kumlisha, mimi nina nini. Kweli nina nini.

Alhamisi, 13 Juni

Nyumbani. Nimemenya viazi vingi kuliko ninavyoweza kula. Nimedeki mara mbili, na sakafu yangu ni saruji.

Mwanangu Zefania kapiga simu kutoka Soni. Karoti zimeshuka bei, mapeasi bado. Akauliza kazini vipi. Nimesema salama. Uongo wa pili wiki hii, naona nimekuwa hodari.

Ijumaa, 14 Juni

Nilisahau brashi yangu. Brashi ni yangu, nilinunua mwenyewe, mpini umekaa mkononi mwangu. Nikasema nitaingia, nitachukua, nitatoka, bila kumtazama mtu.

Hoza alikuwa peke yake ukumbini, amechuchumaa, macho mekundu. Alikuwa anasukuma ubao upande wa dirisha. Mdomo wangu ukasema kabla sijaupa ruhusa:

"Huo si wa hapo. Huo ni wa mekoni."

Akageuka. Nikamwonyesha: ncha yake ina doa la kaa la moto, dogo, ukipitisha tambara linakwama. Kaenda kuuweka mbele ya meko ya ukutani. Ncha ikafika palepale kwenye jiwe.

Akaniuliza, "Na wa dirishani ni upi?" Nikasimama kama mjinga. Sikujua. Akauliza wa thelathini ni upi. Wa thelathini! Mimi nimewahi kuhesabu? Akanionyesha mmoja baada ya mwingine, zote zikawa mbao tu.

Nikaona aibu, nikainama kuchukua brashi. Na nilipopiga goti pale dirishani, na tambara mkononi, nikajua. Wa kwanza una bonde, maji hutuama hapo, lazima ukaushe mara mbili. Nikazipapasa zile zilizokuwa karibu. Hapana. Hapana. Huu. Unaofuata una fundo linalochomoka kidogo, limenichana kidole mara nyingi. Huu. Wa tatu ni laini kama sahani, hauna tabu, unaupita haraka.

Nikisimama sijui kitu. Nikipiga magoti nikarudi kinyumenyume, mkono unaujua unaofuata.

Hoza akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta macho. Tumeweka tisa kabla ya adhana ya alasiri. Zimeingiana bila nyundo.

Jumamosi, 15 Juni

Bi Rukia alitukuta asubuhi. Mimi magotini, Hoza na nyundo, Mzee Singano anatuletea mbao moja moja. Alisimama palepale mlangoni kama siku ile ya kwanza. Sikujua niinuke nimwamkie au niendelee. Nikaendelea. Mkono ulikuwa umeshaupata ubao.

Anakwenda Tanga kwa sikukuu ya Idi. Anarudi Jumatano. Akasema waziwazi mbele ya kaka yake: akirudi akakuta sakafu imekaa, sawa; haijakaa, Alhamisi mafundi wa vigae wanaingia. Mansuri akaitikia kwa kichwa. Haki yao. Wageni hawangoji.

Arobaini leo. Zimo zile zenye mashimo manne ya miguu ya kinanda cha Waingereza. Kinanda chenyewe sikukikuta, ila mashimo nimeyakausha kwa ncha ya tambara maisha yangu yote. Yalipokaa sawasawa, yote manne, mraba, nilipiga vigelegele. Hoza akaniambia acha, nyundo itampiga kidole.

Jumapili, 16 Juni

Hoza alitaka tufanye kazi. Nimekataa. Siku ya Bwana ni siku ya Bwana, hata kama vigae vinangoja. Akanuna. Nimemletea maharage na viazi, akaacha kununa.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Mzee Singano alikwenda kuswali, akarudi na kanzu yake, akavaa koti juu, akaendelea kubeba.

Tumefika themanini na saba.

Zikabaki saba. Nikapiga magoti. Nikashika wa kwanza, hapana. Wa pili, hapana. Nikazipitia zote saba mara tatu. Mkono haukuniambia kitu. Nikaanza kutoka jasho na baridi hii. Nikadhani nimechoka, nikanywa maji, nikarudi. Wapi.

Hoza akauchukua mmoja, akaupeleka kwenye mwanga. Akaugeuza upande wa juu. Rangi yake nyeupe-nyeupe, kavu. Hauna nta, hauna mng'ao, alama za msumeno bado zinaonekana kama umetoka kiwandani. Zote saba vilevile. Akanitazama. Akatazama ukuta wa mwisho, pale lilipokuwa kabati.

"Mama Zefania," akasema taratibu, "chini ya kabati ulikuwa unadeki lini?"

Mungu wangu. Sijawahi. Hata siku moja. Lilikuwa zito, nilikuwa peke yangu, nikajisemea hakuna mtu atakayeona. Miaka ishirini na tisa natembea kichwa juu, nasema uchafu na mimi hatujuani.

Nimecheka kwa aibu mpaka nikakohoa. Wote watatu tumecheka. Kisha Hoza akasema hizi ni zake, saba hazimshindi. Kwa ndimi na mifereji tu, bila msaada wangu, kazimaliza alasiri. Msumari wa mwisho kanipa mimi nipige. Nimeupinda kidogo. Hakuurekebisha.

Jumatano, 19 Juni

Bi Rukia amerudi. Alivua viatu nje. Akaingia peku, akatembea kutoka dirishani mpaka mwisho, taratibu, tukiwa tumesimama barazani kama watoto waliovunja kitu. Ule ubao unaolia mbele ya meko ukalia. Akasimama. Akaukanyaga tena, ukalia tena. Nikaona mabega yake yanashuka.

Mansuri naye akaingia, na viatu. Akapiga magoti, akapitisha ukucha kwenye kiungo. Akasema, "Haya, zimekaa." Kutoka kwake ni mengi. Vigae vinakwenda jikoni. Jikoni vitafaa, mafuta yatafutika.

Kabati halirudi ukumbini. Litakaa ushorobani, wageni waweke makoti. Kwa hiyo mbao saba ziko wazi, mstari mweupe chini ya ukuta mzima, mtu yeyote ataziona. Hoza alisema anaweza kuzipaka rangi zifanane. Bi Rukia akauliza kwa nini ziko hivyo. Hoza akatazama dari, Mzee Singano akatazama kofia yake. Wanaume hawa.

Nikasema mwenyewe. Safari hii sikungoja.

Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema zisipakwe kitu, ziachwe. Akasema wasichana wanne wanaanza kazi Jumatatu, wamesoma chuo cha hoteli, wana vyeti, na hakuna hata mmoja anayejua sakafu ya mkulo inataka nini. "Utawafundisha, dada."

Dada.

Nilikwenda nyuma ya banda nikalia vizuri, nikanawa uso, nikarudi kupima nta.

Jumatatu, 1 Julai

Wageni wa kwanza wameondoka jana mchana. Walikaa ukumbini, moto mekoni, soksi miguuni, wanasoma. Bibi mmoja alilala usingizi kwenye kibaraza cha dirisha mdomo wazi. Maji ya moto hayakukatika. Hakuna aliyeuliza habari za sakafu. Waliitembea tu.

Mzee Singano bado yuko getini. Shikamoo yangu inatoka yenyewe.

Ukungu leo asubuhi. Wasichana wakiwa juu wanatandika, nimeingia ukumbini na ndoo na brashi yangu. Kimya. Harufu ya mkulo na majivu.

Zile saba zimeanza kushika nta, kidogo sana. Hoza anasema zitafanana na zile nyingine baada ya miaka ishirini. Sitakuwepo, lakini kuna wasichana.

Leo sikuanzia dirishani. Nimeanzia kwa zile saba.